Usiniite Kipanga, Niite Fundi

Jamani, kuna neno moja nimechoka nalo na leo nalisema hadharani: kipanga. Wengine wanasema jiniasi, wengine wanasema "huyu ana kichwa". Yote ni mamoja.

Mimi huwa natembea na mchemraba wa Rubik kwenye begi, pamoja na kalamu na notibuku ya kazi. Foleni ya jioni ikinasa, nautoa, nauchanganya, naupanga. Nauchanganya tena, naupanga tena. Haipiti siku jirani yangu kwenye daladala asiseme: "Aisee kaka, wewe lazima ulikuwa kipanga shuleni." Na wa kiti cha nyuma anadakia: "Mimi hivyo vitu siviwezi kabisa, sina kichwa." Halafu wote wawili wanageukia dirishani, roho kwatu. Kesi imeisha. Mimi nimezaliwa hivi, wao wamezaliwa vile, Mungu ndiye mgawaji.

Nasema hivi: hiyo siyo sifa. Hiyo ni dharau iliyopakwa asali. Kwa sentensi moja mtu amefuta miezi yangu yote ya mazoezi, na kwa sentensi ya pili amejipa ruhusa ya kutojaribu maisha yake yote. Na kama ingekuwa ni mambo ya mchemraba peke yake ningenyamaza. Lakini sentensi hizo hizo ndizo tunazowaambia watoto wetu kuhusu Hisabati, kuhusu kompyuta, kuhusu kila kitu kinachoonekana kigumu kwa mbali. Ndiyo maana sinyamazi.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanauona tu. Mwaka 1974, Ernő Rubik, mhadhiri aliyekuwa akifundisha mambo ya usanifu huko Budapest, Hungaria, alitengeneza mchemraba ambao vipande vyake vinazunguka bila kuachana. Mwaka 1980 ukaanza kuuzwa duniani kote kwa jina lake. Una pande sita, rangi sita, na njia za kuuchanganya ni 43,252,003,274,489,856,000. Soma tena tarakimu hiyo taratibu. Sasa sikiliza hii: Rubik mwenyewe, mtu aliyeubuni, aliyeuchonga kwa mikono yake, alipouchanganya kwa mara ya kwanza ilimchukua kama mwezi mzima kuurudisha. Mwezi! Kama kuna mtu duniani aliyestahili kuzaliwa nao kichwani, ni yeye. Hakuzaliwa nao. Alikaa chini akahangaika.

Sasa kwa nini wewe unaushindwa? Nitakwambia bure. Unapigania rangi. Umeshika mchemraba, unataka upande mweupe uwe mweupe wote, ukiupata unashangilia, ukienda kwenye upande wa pili ule wa kwanza unavurugika, unautupa kwenye kochi na kusema huna kichwa. Tatizo siyo kichwa chako, tatizo ni kwamba hakuna aliyekuonyesha mahali pa kutazama. Vipande vya katikati ya kila upande havihami, vinajizungusha pale pale. Vinavyohama ni ishirini tu: vya pembeni kumi na viwili vyenye rangi mbili mbili, na vya kona nane vyenye rangi tatu tatu. Kwa hiyo hupangi rangi, unapanga vipande, kila kimoja na nyumba yake. Na hupangi upande kwa upande, unapanga tabaka kwa tabaka kuanzia chini, kama fundi mwashi. Hakuna anayeanza kuezeka kabla ya msingi.

Halafu kuna fomula. Fomula ni mfuatano wa mizunguko, tuseme minane au kumi, unaohamisha vipande viwili vitatu na kuviacha vingine vyote mahali pake. Katikati ya fomula mchemraba unaonekana umeharibika kabisa, mwanafunzi anaogopa anataka kuacha, lakini mzunguko wa mwisho ukikamilika kila kitu kinarudi isipokuwa kile ulichokusudia. Kwa njia ya wanaoanza, fomula zenyewe hazifiki kumi. Msomaji wangu, wewe unayejua kikosi chote cha Simba au Yanga pamoja na wa benchi, unataka kuniambia fomula nane zitakushinda?

Na kabla hujaanza kunitafutia sababu, nikupe wasifu wangu. Kidato cha nne Hisabati nilipata D. Sikuwahi kukaa kwenye mkondo wa A, ule wa wanaoitwa vipanga. Chuo Kikuu nilisoma mambo ya habari na mawasiliano. Mara ya kwanza kuupanga mchemraba peke yangu bila kutazama karatasi ilinichukua wiki nzima ya kujaribu kila usiku. Baada ya mwezi nilikuwa nafika dakika mbili. Baada ya mwaka nikaanza kugonga chini ya sekunde thelathini. Hakuna usiku niliolala mjinga nikaamka nimerukwa na akili. Kulikuwa na vidole vinavyouma na dada yangu anayelalamika kelele za plastiki saa sita za usiku.

Wapo watakaosema, "Sawa, lakini hao mabingwa wa dunia?" Twende huko huko. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1982. Aliyeshinda ni Minh Thai, kijana wa Marekani mwenye asili ya Vietnam, kwa sekunde 22.95. Bingwa wa dunia huyo. Mwaka 2023 Max Park wa Marekani aliupanga kwa sekunde 3.13. Na mwaka 2025 mtoto wa miaka saba wa China akafika 3.05. Piga hesabu: kutoka 22.95 hadi 3.13 ni zaidi ya mara saba, ndani ya miaka arobaini na moja. Swali langu ni dogo tu. Je, katika miaka hiyo akili za binadamu ziliongezeka mara saba? Kichwa cha mtu wa 1982 kilikuwa kidogo kuliko cha leo?

Kilichoongezeka ni kushirikishana ujuzi. Kuna mama mmoja wa Kicheki, Jessica Fridrich, aliyewahi kuwa miongoni mwa washindani wa miaka ile ya themanini, baadaye akawa profesa wa uhandisi Marekani. Mwaka 1997 aliweka njia yake yote kwenye intaneti, bure, kila anayetaka asome. Hakuificha kama mganga anayeficha dawa zake. Njia hiyo, iliyoboreshwa na wengi, ndiyo wanayotumia sehemu kubwa ya wapangaji wa kasi hadi leo. Unaanza na msalaba chini, unajaza matabaka mawili ya kwanza, halafu juu unabakiwa na hatua mbili: kugeuza rangi ya juu iwe moja, ambako kuna fomula 57, na kuhamisha vipande vya juu viende kwao, ambako kuna fomula 21. Jumla 78. Ukijifunza moja kwa siku huchukui hata miezi mitatu. Ligi Kuu ni ndefu kuliko hapo!

Ongeza michemraba yenyewe, ambayo siku hizi ina sumaku ndani na inateleza kama sabuni, tofauti na ile ya zamani iliyokuwa ikikwama. Ongeza mashindano yaliyofufuka Toronto mwaka 2003, na chama cha World Cube Association kilichoundwa mwaka 2004 kikaweka kanuni zinazofanana dunia nzima. Hayo ndiyo yaliyoshusha sekunde. Kijana wa sekondari mwenye mchemraba wa bei poa na bidii ya miezi kadhaa anaweza leo kumshinda bingwa wa dunia wa 1982. Hajamzidi akili, amekuta njia imeshafyekwa.

Na kanuni zenyewe za mashindano nazipenda kwa sababu zinawaumbua wapenda miujiza. Mshindani anapewa sekunde kumi na tano za kuukagua mchemraba kabla ya kuanza. Anaupanga mara tano. Kisha wanaondoa muda wake bora kuliko yote na muda wake mbaya kuliko yote, wanachukua wastani wa ile mitatu iliyobaki. Bingwa anapatikana kwa wastani huo. Umeelewa? Ile mara moja uliyong'aa, ile ambayo gazeti lingeiandika ukurasa wa mbele, inawekwa kando. Wanataka kujua wewe ni nani siku zote, siyo siku moja ulipobahatika.

Sasa lipo kundi la pili la wapinzani wangu, na hawa nawaheshimu kidogo kwa sababu angalau wanafikiri. Wanasema: "Kumbe ni kukariri tu! Basi hakuna la maana hapo." Hawa ni wale wale ambao dakika moja kabla walikuwa wanasema ni akili za ajabu. Wakigundua kuna fomula, wanahama kutoka muujiza hadi upuuzi bila kusimama kituo chochote cha katikati. Kwao kitu ni ama kipaji cha mbinguni ama kazi ya kasuku.

Katikati hapo ndipo ufundi unapoishi. Kujua fomula 78 hakukufanyi uwe na kasi, kama ambavyo kujua kamusi yote hakukufanyi uwe mwandishi. Kinachotofautisha sekunde arobaini na sekunde kumi ni macho. Vidole vikiwa vinamalizia vipande hivi, macho yanatakiwa yameshatafuta vipande vinavyofuata. Wanaojifunza wanashauriwa kitu cha ajabu: nenda polepole. Ndiyo, polepole, ili usisimame. Kwani muda mwingi haupotei kwenye kuzungusha, unapotea kwenye kusimama na kutafuta. Hilo hulikariri. Linakuingia mwilini kwa kurudia mara elfu, na kila mara ukiwa umekusudia kurekebisha kitu kimoja.

Tena nikupe siri nyingine inayowakera wanaoabudu akili. Mwaka 2010 wataalamu Tomas Rokicki, Herbert Kociemba, Morley Davidson na John Dethridge, wakitumia kompyuta za Google, walithibitisha kwamba mchemraba wowote, hata uchanganywe vipi, unaweza kupangwa kwa mizunguko isiyozidi ishirini. Unadhani mabingwa wanaiona njia hiyo ya ishirini? Hawaioni. Kwa njia ya Fridrich mtu anatumia kama hamsini au sitini. Yaani bingwa anapita njia ndefu mara mbili na zaidi, ila anaijua kila kona yake, kwa hiyo hasimami. Na kama kasi ndiyo akili, basi tuiite mashine kipanga: mwaka 2024 roboti ya kampuni ya Mitsubishi Electric iliupanga kwa sekunde 0.305. Hukuwahi hata kupepesa jicho.

Nasikia mtu akisema: "Lakini mtoto wa miaka saba na sekunde tatu! Huyo naye ni mazoezi tu?" Sikatai kwamba watu tunatofautiana. Vidole vinatofautiana, macho yanatofautiana, na mimi najua sekunde tatu nitaziona kwenye video tu. Lakini nani alikwambia ni lazima uwe wa kwanza duniani ndipo uruhusiwe kujaribu? Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa rekodi ya dunia mwaka 1974 kule Christchurch. Sijawahi kusikia Mtanzania akisema, "Mimi siyo Bayi, kwa hiyo siwezi kukimbilia basi." Kwenye miguu tunaelewa vizuri kabisa. Likifika suala la kichwa ndipo tunageuka watu wa majaaliwa.

Na huyo Max Park wa sekunde 3.13 mjue vizuri. Alipokuwa mdogo aligundulika ana usonji. Vidole vyake vilimsumbua, na wazazi wake wakamtia moyo acheze na mchemraba ili mikono ifanye mazoezi. Wakampeleka kwenye mashindano, na si kwa ajili ya vikombe. Walitaka ajifunze kukaa na watu na kusubiri zamu yake. Sasa fikiri. Mtoto wa namna hiyo kwenye mitaa yetu mingi anafichwa chumba cha uani wageni wakija. Nani angemwita kipanga? Angepewa jina jingine kabisa, na jina hilo lingemfungia mlango kama vile "kipanga" linavyowafungia wengine. Wazazi wake hawakuuliza amezaliwa na nini. Walimwekea kitu mkononi wakakaa naye.

Nije kwenye kazi yangu, maana siwezi kuwasema abiria wa daladala nikaiacha meza ya habari. Sisi waandishi ndio wauzaji wakubwa wa dawa hii. Niliwahi kuandika habari ya kijana mmoja wa sekondari anayepanga mchemraba huku amefungwa kitambaa machoni. Jambo lililonigusa kuliko yote lilikuwa daftari lake, lile la mistari la shuleni, limejaa michoro ya fomula kwa kalamu ya bluu na nyekundu, kurasa zimelegea kwa kushikwashikwa. Amechora mwenyewe moja baada ya nyingine, kwa sababu simu ilikuwa ya mama yake na anaipata nusu saa tu jioni. Nikaandika kuhusu daftari. Habari ilipotoka, aya ya daftari haipo, na kichwa cha habari kinasema kuna mtoto wa maajabu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba nafasi haikutosha na kwamba wasomaji wanapenda maajabu.

Wanapenda kwa sababu ndiyo tunayowauzia. Mwanafunzi aliyeisoma habari ile asubuhi alijifunza kwamba kuna watoto wa ajabu, na yeye siyo mmoja wao. Kama angeliona lile daftari angejifunza kwamba analo daftari kama hilo hilo kwenye begi lake, na lina kurasa tupu.

Na sasa shule. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Hisabati huwa mkiani, na kila mwaka tunashangaa upya. Mimi sishangai. Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi kati nikamwambia alete daftari la Hisabati tuone kazi ya nyumbani. Akanijibu bila hata kuhuzunika, kama mtu anayetaja kabila lake: "Anko, mimi Hisabati sina kichwa nayo. Mwalimu kasema Hisabati ina wenyewe." Ina wenyewe! Mtoto wa miaka kumi na moja ameshatangaziwa kwamba shamba lina mwenye hati na yeye ni mpita njia. Na ni mtoto yule yule anayeimba nyimbo za Bongo Fleva mwanzo hadi mwisho, anayejua juzuu yake ya madrasa bila kuchungulia. Kichwa anacho. Kwenye wimbo na kwenye juzuu hakuna aliyemwambia mambo haya yana wenyewe. Waliimba naye, walisoma naye, akikosea wanarudia.

Naomba nieleweke. Sisemi mchemraba utamfundisha mtu Hisabati. Wala sisemi kwamba bidii ya mtoto inafuta darasa lenye wanafunzi mia na mwalimu mmoja. Hayo ni madeni ya wakubwa, na yalipwe. Ninachosema ni kwamba mchemraba ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachoweza kumwonyesha mtu kwa macho yake, ndani ya wiki chache, namna "siwezi" inavyogeuka "naweza" kwa hatua zinazohesabika. Ukishaliona hilo mara moja mkononi mwako, mwalimu akikwambia kitu kina wenyewe utakuwa na swali la kumuuliza.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sisi Waswahili tulishalijua hili zamani. Nenda barazani wanapocheza bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na mzee anahesabu mizunguko mbele kabla hajashika kete, huku anakunywa kahawa na kukutania. Hujasikia mtu pale akisema mzee huyu ni jiniasi. Wanamwita fundi. Wanajua alikaa pembeni miaka akitazama, akafungwa, akachekwa, akarudi kesho yake. Na neno fundi lina adabu ndani yake: likitamkwa, kila mtu anaelewa kwamba fundi alikuwa mwanagenzi, na kwamba mwanagenzi wa leo anaweza kukaa kwenye mkeka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa daladala, ukiniona tena na mchemraba usinipe cheo. Niulize: ulijifunza vipi? Ilichukua muda gani? Nionyeshe hatua ya kwanza. Nitasogea, nitakuwekea mkononi, na tutaanza na ule msalaba mweupe. Kutoka Posta hadi Mbagala kwa foleni ile muda tunao wa kutosha.

Na wewe mwalimu, na wewe mhariri, acheni kugawa hati za mashamba ambayo si yenu.

Nawasilisha.